Ajali Haina Kinga?

Kwa miaka mingi mjomba wangu alivuka makutano na taa nyekundu, na kila asubuhi alifika salama. Alipoanza kusubiri taa ya kijani kama raia mwema, aligongwa. Aliyemwambia asubiri ni mimi.

Nyumbani wananiambia niachane na jambo hili. Ajali haina kinga, wanasema, na mjomba mwenyewe husema hivyo kabla yao. Nimejaribu kuipokea methali hiyo kama wanavyoipokea wengine, nikashindwa. Kwa hiyo nataka kuipima hapa, kwa utulivu, nione kama ni kweli.

Makutano ninayoyazungumzia yako Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Mandela, ile inayopokea malori kutoka bandarini na kuyapeleka Ubungo yakashike Barabara ya Morogoro kwenda bara, Zambia, Kongo na Rwanda. Sitayataja kwa jina, maana yanafanana na mengine mengi ya jiji hili. Kuna lami pana, mataa, wauza maji na karanga kati ya magari, bodaboda waliojipanga mbele ya mstari, na trafiki anayekuja kuongoza kwa mkono foleni ikizidi. Pundamilia amefutika. Njia ya baiskeli hakuna. Mwenye baiskeli anabaki ukingoni, lami upande mmoja, mtaro upande mwingine.

Mjomba alikuwa anasambaza mikate. Alfajiri aliichukua kwenye bekari Tabata, akaipanga kwenye kreti mbili juu ya keria, akazifunga kwa mpira wa tyubu, kisha akashika Mandela kuelekea TAZARA na maduka ya Vingunguti. Mkate ni biashara ya saa. Ukifika watu wameshakunywa chai, mwenye duka ameshachukua wa mwenzako. Baiskeli yake ilikuwa ile nyeusi ya Kichina, nzito, yenye kengele ambayo watoto wa mtaa wetu waliijua kuliko sauti ya mwenye kengele.

Mwaka niliomaliza chuo nilipata kibarua cha siku tatu cha kuhesabu magari kwenye makutano hayo. Tuliwekewa viti vya plastiki chini ya mwamvuli, kila mmoja na upande wake na fomu yake. Fomu ilikuwa na safu: magari madogo, daladala, mabasi, malori ya ekseli mbili, malori ya ekseli tatu na zaidi, bajaji, pikipiki. Gari likipita unachora kijiti. Cha tano kinavikata vinne. Asubuhi ya kwanza niliuliza baiskeli ziingie safu gani. Msimamizi wetu, mtu mpole aliyetununulia chai kwa pesa yake, akanijibu, "Hizo acha. Haziathiri foleni."

Lilikuwa jibu sahihi kwa swali ambalo fomu ilikuwa inauliza. Sikuliwazia zaidi.

Siku ya pili, jua halijapanda, nikasikia kengele niliyokua nikiisikia. Mjomba alikuja ukingoni, akayapita malori yaliyosimama kwenye taa, akafika mbele kabisa. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kuna sekunde chache ambapo upande mmoja umeshazuiwa na mwingine haujaruhusiwa, makutano yote yanakuwa matupu kama uwanja baada ya mechi. Katika sekunde hizo, taa yake ikiwa bado nyekundu, akavuka. Malori yalipopata kijani yeye alikuwa ameshafika ng'ambo. Hakuniona. Nami sikumhesabu.

Jioni nilimkuta kibarazani.

"Shikamoo mjomba. Leo nimekuona unapita na nyekundu."

"Marahaba mjomba," akajibu, maana sisi wawili huitana hivyo hivyo. Akacheka. "Nyekundu ndiyo taa yangu. Kijani ni ya kwao."

Nilidhani anatania. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu ambaye joho la mahafali bado halijapoa mgongoni, kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamhusu hata mwenye baiskeli. Yeye akatikisa kichwa tu. Ndipo nikasema neno ambalo najua lilimwingia: "Ukigongwa umepita nyekundu, huna pa kudai."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hilo nalo neno."

Haukupita mwezi. Asubuhi moja alisimama ukingoni kusubiri taa, kulia kwake kuna lori la tela. Taa ikawaka kijani. Mjomba akakanyaga pedeli kwenda mbele. Lori likakunja kushoto. Kichwa cha lori kilimpita. Tela ndilo lililomfikia, maana matairi ya nyuma ya tela hayafuati njia ya kichwa, hukata kona kwa ndani. Baiskeli iliingia chini. Yeye alisukumwa mtaroni, na mtaro ule anaoulaani kila mtu ndio uliomwokoa. Mguu wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Bodaboda waliokuwapo waliokota mikate iliyobaki mizima, wakaipeleka kwa mke wake, hata mmoja haukupotea njiani.

Wodini hakunilaumu. Alisema tu, kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake, "Nilisubiri taa."

Dereva alikuja siku ya tatu na utingo wake, wamebeba machungwa. Kijana wa umri wangu. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. "Mzee, sikukuona. Naapa sikukuona." Mjomba akamwambia akae. Mimi nilitoka nje. Nilitaka sana asiwe mkweli, maana mtu aliyedanganya unaweza kumchukia ukapumzika.

Miezi baadaye nilimwomba jirani yetu, dereva wa masafa, aniruhusu nipande kwenye lori lake likiwa limeegeshwa. Nikakaa kwenye kiti chake, upande wa kulia, juu kama ghorofani. Nikamwomba kijana wa gereji asimame na baiskeli kushoto, karibu na tairi la mbele, pale ambapo mjomba alisimama. Nikatazama vioo. Nikatazama dirisha la kushoto. Hakukuwa na mtu. Nikamwambia ainue mkono; nikaona vidole, basi. Kijana mzima na baiskeli yake walikuwa wamemezwa na mlango.

Kumbe yule dereva alisema kweli. Na mjomba alikuwa amejua siku zote. Hakuwa anapita nyekundu kwa ukaidi wala kwa haraka. Alikuwa anaondoka mahali asipoonekana kabla ya wale wasiomwona hawajaruhusiwa kwenda. Ndiyo maana ya kusema kijani ni ya kwao.

Tangu pale swali langu lilibadilika. Awali nilikuwa natafuta aliyekosea. Ni kweli kwamba dereva anayekunja anapaswa kuhakikisha njia ni nyeupe, lakini sheria haiwezi kumpa mtu macho yanayopenya mlango. Na mjomba alifanya kila alichotakiwa. Wote wawili walitii taa. Taa ileile, kwa sekunde ileile, ilimwambia mmoja "pita" na mwingine "pita," na njia zao zilikuwa zinakatana hatua chache mbele. Anayetoa ruhusa mbili za mahali pamoja kwa watu wawili tofauti, kwenye kiwanja au nyumba tungemwita tapeli. Barabarani tunasema ni ajali.

Neno lenyewe lina historia yake. Limetoka kwenye Kiarabu, *ajal*, muda uliopangwa, siku ya mtu iliyoandikwa. Katika Kiswahili limebeba vitu viwili kwa pamoja: tukio la ghafla na ule mwisho usiokwepeka. Hivyo tukisema fulani amepata ajali, tayari tumeshasema nusu ya hukumu: ilikuwa iwe. Methali inamalizia nusu iliyobaki. Silidharau neno hili. Limewasaidia watu wengi kulala usiku baada ya mazishi, na limemsaidia mjomba kumwambia yule dereva akae. Kama dawa ya huzuni, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu unaanza linapotoka msibani na kuingia ofisini, likawa jibu la mtu mwenye rula na kalamu.

Uholanzi walipitia hapa. Mwaka 1971 barabara zao ziliua zaidi ya watu 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi walipoanza kuandamana, kundi lao lilijiita Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Hawakusema ajali. Walichagua neno ambalo lazima lifuatwe na swali: nani? Wazazi wale hawakuwa wanamwita kila dereva muuaji. Walikuwa wanasema kwamba kifo kinachorudi mahali palepale, kwa namna ileile, hakiwezi tena kuitwa cha ghafla. Baiskeli na njia zake tunazoziona leo katika picha za nchi ile hazikuletwa na tabia njema ya Waholanzi. Zililetwa na ugomvi wa miaka.

Sweden nao, mwaka 1997, bunge lao lilipitisha sera waliyoiita Nollvisionen, dira ya sifuri. Ndani yake kuna wazo ambalo lilinishika: mtumiaji wa barabara ana wajibu wa kufuata sheria, lakini wajibu wa mwisho ni wa wanaochora na kuisimamia barabara, kwa sababu binadamu hukosea, na barabara inapaswa kuchorwa kwa kujua hivyo. Kosa la kawaida lisigharimu uhai. Mama zetu wamelifuata wazo hili siku zote. Mtoto akijiunguza na chai, anaambiwa awe mwangalifu, halafu birika linasogezwa mbali na ukingo wa meza. Mama anayemchapa mtoto na kuliacha birika palepale, siku ya pili tutamuuliza yeye.

Na kuna mambo ambayo hayasubiri tabia ya mtu yeyote kubadilika. Nguvu ya kishindo hukua kwa mraba wa mwendo: gari la kilomita 50 kwa saa hubeba karibu mara tatu ya kishindo cha gari hilohilo likiwa kwenye 30. Kona pana na laini inamkaribisha dereva aikunje bila kupunguza. Kona kali inamlazimisha apunguze, awe na roho nzuri au asiwe nayo. Kwenye makutano ya Kiholanzi huwekwa kisiwa kidogo cha zege kwenye kona, na kivuko cha baiskeli husogezwa nyuma kidogo kutoka kwenye makutano. Gari likimaliza kukunja linamkuta mwenye baiskeli mbele ya kioo chake kikubwa, si pembeni mwa mlango. Mstari wa baiskeli wa kusimama huwa mbele ya ule wa magari, ili waonekane. Na mahali pengine taa ya baiskeli hutangulia kuwaka sekunde chache kabla ya kijani cha wengine.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Sekunde chache kabla ya wengine. Hicho ndicho mjomba alichokuwa akijichukulia kila asubuhi. Kule wanaita uhandisi. Huku tuliita kuvunja sheria, na aliyeita hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi.

Najua pingamizi, maana nimeyasikia kwa marafiki zangu, na baadhi ni marafiki wenye akili. La kwanza ni kwamba nchi yetu ni maskini. Lakini kwenye Mandela hiihii tumejenga daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, likafunguliwa mwaka 2018, na Kijazi Interchange pale Ubungo mwaka 2021. Nilifurahia yote mawili na ninayapita. Yanaonyesha kwamba tukiamua kuwa foleni ni tatizo la taifa, zege hupatikana. Kisiwa cha kona ni zege kiasi gani?

La pili ni kwamba baiskeli ni chache. Hapa nina ushahidi wa mtu aliyekuwepo: ni chache kwenye karatasi, kwa sababu mimi niliambiwa niziache nami nikaziacha. Na hata zingekuwa chache kweli, sijaelewa kwa nini uchache wa watu upunguze deni tunalowadai wenye kalamu. Wagonjwa wa maradhi adimu ni wachache pia.

La tatu ndilo gumu. Watu wa baiskeli hawafuati sheria, wanasema. Wanapita kinyume, wanapita nyekundu, usiku hawana taa. Ni kweli, nimewaona. Ila sasa sioni tena utovu wa nidhamu peke yake. Naona pia mtu aliyefanya hesabu yake kwa kutumia mwili wake kama fomu. Anayepita kinyume huenda anataka kuliona lori linalomjia kuliko kulisikia mgongoni. Siseme kila uvunjaji una hekima ndani yake. Nasema kwamba sheria ni maagano. Inapomwambia mtu "subiri," inamwahidi kwamba akisubiri atalindwa. Mahali ambapo anayetii yuko kwenye hatari kubwa kuliko anayevunja, ahadi imevunjwa kwanza na upande wa pili, na hatuna uso wa kumhubiria.

Linabaki pingamizi la nne, ambalo hakuna anayelisema kwa mdomo. Taa ya baiskeli ikitangulia, sisi wengine tutasubiri zaidi. Lori likilazimishwa kukunja taratibu, nyuma yake tutarundikana. Makutano salama yatakula sekunde za watu wengi kila siku ili kuokoa mguu wa mtu mmoja siku moja isiyojulikana. Ukiweka hivyo, hesabu inaonekana ya haki: wengi kwa kidogo, mmoja kwa kikubwa. Mimi pia huchukia foleni. Nimewahi kupiga mlango wa daladala nikimhimiza dereva apite kwa ukingo, ukingo uleule. Lakini nimeuliza moyoni swali moja na sijapata njia ya kulikwepa: je, ningeweza kwenda pale wodini, nikasimama miguuni pa kitanda alipokuwa amesimama yule kijana, nikamwambia mjomba, "Tuliona bora hivi, maana vinginevyo ningechelewa kidogo kazini"? Kama siwezi kumwambia usoni, basi sina haki ya kukubaliana nalo nikiwa mbali naye.

Kuhusu hatia yangu, nimefika hapa. Ushauri niliompa ulikuwa ushauri wa kawaida. Mtu yeyote mwenye nia njema angeutoa, na sioni kwamba nilimsukuma mtaroni. Kinachonisumbua ni siku ya pili ya kibarua. Nilikuwa nimekaa, kalamu mkononi, kazi yangu ikiwa ni kuandika kila kinachopita, na mtu aliyenibebea mkate utoto wangu wote akapita mbele yangu. Karatasi haikuwa na mahali pake, nami nikaona ni sawa. Jioni nikamkumbuka, lakini kama mkosaji tu. Asubuhi hakuhesabika, jioni alihesabika kwa kosa lake. Nadhani hivyo ndivyo jiji zima linavyomtendea.

Je, ajali haina kinga? Baadhi hazina. Mti huanguka, moyo husimama. Lakini tela linalokata kona kwa ndani limekuwa likikata hivyo tangu tela lilipobuniwa, na mlango wa lori umekuwa ukimeza watu tangu malori yalipokuwa marefu. Kitu kinachojulikana hivyo kina kinga. Kisipokingwa, kinahitaji jina jingine.

Mjomba sasa anauza mikate kwenye meza mbele ya nyumba. Anachechemea, na mvua ikikaribia anajua kabla ya redio. Baiskeli ilinyooshwa, ikapewa fremu ya mtu mwingine na magurudumu ya mtu mwingine, na kijana wa jirani anaitumia kusambaza mikate ileile kwa njia ileile. Kengele ni ya zamani.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye daladala, tumesimama kwenye mataa yale. Nikaisikia. Kijana alikuja ukingoni na kreti zake, akatupita, akalipita lori lililokuwa mbele yetu. Akatazama kulia na kushoto. Nyekundu ilikuwa bado inawaka alipovuka.

"Hawa ndio wanaokufa hovyo," konda akasema, na abiria wawili wakaitikia. Mwanamke aliyekaa karibu nami akanitazama kama anangoja niongeze neno. Niliangalia hadi kijana alipofika ng'ambo, mikate yake ikiwa salama. Kisha kijani kikawaka, na lori likakunja kushoto.